Maswali na majibu: Anayeanza kusoma nyumbani tumchagulie mtaala gani?

Safari hii barua karibu zote zinatoka kwa wazazi wanaotaka kumwanzishia mtoto kusoma nyumbani. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza mkoani Lindi kwa miaka 21, na hili ni jambo ninaloweza kulizungumza mpaka usiku. Tuanze.

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka mitano. Nataka nimfundishe mwenyewe kusoma kabla hajaingia darasa la kwanza. Rafiki yangu amenionyesha mtaala wa Marekani wa kufundishia nyumbani: sanduku zima, vitabu, kadi, nyimbo, kila kitu. Bei yake ni kama mshahara wangu wa miezi miwili. Ninunue? – Mama wa Shangani, Mtwara

Marahaba, mama. Usinunue.

Sanduku hilo si baya, ila limetengenezwa kutibu ugonjwa ambao binti yako hana. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake ni kama 44, na herufi moja hubadilika kila inapohama. Itazame "a" ya "cat", kisha "a" ya "cake", kisha "a" ya "car". Ndiyo maana mtoto wa Marekani hutumia mwaka mzima na zaidi akijifunza kanuni na vighairi vyake, halafu anapewa orodha ya maneno ya kukariri kwa sura tu, kama "the" na "said", kwa sababu hayasomeki kwa kanuni. Kiswahili hakina msiba huo. "A" ni "a" asubuhi na jioni. Mtoto akishika irabu tano na konsonanti tatu au nne tayari anasoma maneno kamili.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa. Mtoto anayeanza kusoma hukutana na neno analolijua tayari masikioni. Akiunganisha "ku" na "ku" akapata "kuku", uso wake unabadilika, maana kuku yuko pale uani anaparua. Mpe neno la Kiingereza alilotamka sawasawa lakini hajawahi kulisikia nyumbani kwao, halitamwambia lolote. Atajifunza kwamba kusoma ni kutoa sauti tu, na ugonjwa huo nimeuona ukifika mpaka darasa la nne.

Basi ufuate nini? Fuata mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET. Vitabu vyake vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya TET, hivyo unaweza kuvipitia kwenye simu kabla hujatoa hata shilingi. Na kitabu chochote utakachoshika, cha TET au cha duka la vifaa vya shule pale mjini, kijaribu hivi: fungua ukurasa wa kumi, soma sentensi iliyopo, kisha jiulize kama mtoto aliyefundishwa kurasa tisa za mwanzo tu angeweza kuisoma. Ukikuta mna herufi ambazo hajafundishwa, kitabu hicho kinamtaka abahatishe kwa kutazama picha. Kirudishe.

Ukitaka sana kuazima cha ng'ambo, azima kwa Maria Montessori. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto kule Roma, na watoto wale walikuwa wakipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa huku wakitamka sauti zake. Watoto hao walikuwa wanasoma Kiitaliano, lugha ambayo nayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, kwa hiyo njia yake inatukaa vizuri. Msasa unauzwa duka la vifaa vya ujenzi, na karatasi chache zinatosha.

Kama nyumbani mnazungumza Kiingereza kila siku, niandikie tena, jibu langu litakuwa jingine.

Kijana wangu anaimba "a, be, che, de" mpaka "ze" bila kukosea, na herufi anazitaja zote. Lakini nikimwandikia "baba" anasema "be-a-be-a". Ana tatizo? – Baba wa Nachingwea

Hana tatizo hata kidogo. Amesoma kile alichofundishwa. Ulimfundisha majina ya herufi, ukategemea atoe sauti. Jina la herufi ni "be", lakini ndani ya neno "baba" hakuna "be" popote.

Acha wimbo kwa mwezi mmoja. Usimkataze kuuimba, ila usiufanye somo. Anza na sikio, bila kitabu. Mkiwa njiani mwambie, "Nimeona kitu kinachoanza na mmm." Atasema mti, mbuzi, mama. Akisema "nazi", rudia pole pole, "nnn-azi", mwache asikie mwenyewe. Wiki nzima iwe hivyo. Siku akikuwahi kwa kukuambia kwamba "samaki" na "sukari" zinaanza sawa, leta chaki.

Irabu kwanza: a, e, i, o, u. Kisha m, na usiseme "me". Funga midomo uvute "mmm" mpaka iangukie kwenye "a". Mma. Ma. Hapo kuna "mama" na "mia", na kuna "ama". Ongeza k, upate "kuku", "kima", "kaka". Ongeza b, umpate "baba" aliyekusumbua, na "bibi", na "babu". Kwa l na t kuna "mali", "bata", "tai". Usifuate mpangilio wa alfabeti. Fuata herufi zinazokupa maneno mengi mapema, maana mtoto hupata hamu pale anaposoma, si pale anapotaja.

Sauti za herufi mbili na tatu zisubiri: ch, sh, ny, mb, nd, ng, ng'. Hiyo ya mwisho ndiyo huwaliza watoto wa shule, lakini sisi wa kusini tuna bahati. Mwandikie "ming'oko", vile viazi vya porini, na "migongo" pamoja. Kila mtoto wa huku ameshakula ming'oko, na hakuna hata mmoja anayeitamka vibaya. Mdomo unajua tayari, unauonyesha tu jinsi kile kialama kidogo kinavyofanya kazi.

Dakika ngapi kwa siku? – Mama wa Mikindani

Kumi na tano. Akianza kupiga miayo dakika ya nane, funga. Jioni msomee hadithi kwa muda wowote mtakaoweza, hiyo haihesabiwi.

Msimu wa korosho tunahamia shambani karibu miezi mitatu. Kila mwaka masomo ya mtoto yanakufa hapo. Kuna mtaala wa kubeba? – Mama wa Tandahimba

Dada yangu, umebebwa na shamba lenyewe. Bibo, mabibo: hakuna neno rahisi zaidi kwa anayeanza, kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na mtoto analiona chini ya kila mkorosho. Neno "korosho" lenyewe liweke mpaka amalize "sh", liwe zawadi.

Andika kwenye mchanga kwa kijiti. Mchanga haumtishi mtoto kama daftari, akikosea anafuta kwa kiganja. Wakati wa kuokota, mpe kikapu chake, ahesabu kumi kumi, kila kumi aziweke fungu lake. Hiyo ndiyo K ya tatu ya zile KKK za kusoma, kuandika na kuhesabu, na ataijua kwa mikono kabla ya kuiona kwenye karatasi. Tahadhari moja: asicheze na maganda ya korosho mbichi. Utomvu wake unaunguza ngozi, na vidole vyenye malengelenge havishiki chaki.

Ukipata kitabu kimoja chenye sentensi fupi, chukua hicho kimoja. Mtoto kusoma kitabu kile kile mara 40 si kosa.

Mwanangu mwalimu, naandikiwa na jirani. Nalea mjukuu, mama yake yuko Dar. Mimi na yeye tunaongea Kimakonde. Mama yake anasema namharibia mtoto, hatajua kusoma. Na kweli anasema "ntu" badala ya "mtu". Ninyamaze? – Bibi wa Newala

Shikamoo, bibi. Usinyamaze. Nakuomba sana usinyamaze.

Mtoto aliyesimuliwa hadithi kila usiku, kwa lugha yoyote, anaingia darasani akijua kwamba maneno yana mpangilio, kwamba kuna mwanzo na mwisho na sababu katikati. Hayo simfundishi mimi, nayakuta. Asiyesimuliwa ndiye anayenipa kazi ngumu. Zaidi ya hayo, sauti nyingi za Kimakonde ndizo za Kiswahili, na irabu tano ni zile zile.

"Ntu" si ugonjwa. Akiliona neno "mtu" limeandikwa, macho yatamfundisha ile m. Na "l" na "r" zitamchanganya kidogo, kwa kuwa Kimakonde hakina r yake. Amwone mtu akizitamka, ulimi unavyotikisika kwenye "rudi" na unavyotulia kwenye "lala". Usimcheke, wala asichekwe na wengine. Ila atafutiwe Kiswahili pia, redioni na kwa watoto wenzake, maana ndicho atakachosomea.

Mwambie mama yake nimesema hivyo.

Nikishamfundisha nyumbani, naweza kumwacha asiende awali kabisa? – Baba wa Kilwa Masoko

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unampokea mtoto awali akiwa na miaka mitano na darasa la kwanza akiwa na sita, na shule za serikali hazitozi ada. Mimi ningempeleka, hata kama anasoma tayari. Pale atajifunza kungoja zamu, kugawana penseli na kumsikiliza mtu mzima asiyekuwa mama yake. Jioni endeleeni na zenu nyumbani.

Uandikishaji usiuache mpaka Januari. Nenda shule ya karibu miezi ya mwisho wa mwaka na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na umpeleke mtoto mwenyewe akaone darasa lake. Mwalimu akimuuliza jina, mwache ajibu yeye.