Mtego wa Feromoni kwa Kantangaze: Niliyoyajua Baada ya Kukosea

Kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, alipoingia nchini Tanzania mwaka 2014, wakulima wengi wa nyanya tulikimbilia dawa, tukapulizia kila wiki, na bado majani yaliendelea kubabuka huku matunda yakitobolewa karibu na kikonyo. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa nyingi za kugusa hazimfikii. Mtego wa feromoni haukunipunguzia nondo wengi kama nilivyotarajia. Ulichonipa ni kujua siku ya kupulizia.

Feromoni ni harufu ambayo nondo jike huitoa kumwita dume. Viwandani huigwa na kutiwa kwenye kizibo kidogo cha mpira. Mimi hutumia beseni la kawaida: nalijaza maji, naongeza matone machache ya sabuni ili nondo azame, kisha nafunga kizibo kwa waya, vidole viwili juu ya maji. Beseni hukaa chini, kwa kuwa nondo hawa hurukaruka karibu na mimea. Nilipolipandisha juu ya kichanja niliambulia nzi watupu. Kila asubuhi huwachota kwa chujio la chai na kuwahesabu, maana ni wadogo mno, wa kijivu, urefu wa milimita 6 hivi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la mikono. Nilishika kizibo cha viwavijeshi wa mahindi, kisha kwa vidole vilevile nikafunga cha nyanya, na harufu zikachanganyika. Tangu siku hiyo navaa glavu.

Wauzaji wengine hawasemi kwamba mtego huu hunasa madume tu. Dume mmoja aliyebaki hupanda majike kadhaa, na jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani huja kwako na mayai yake, ambayo yanaweza kufika 250. Ndiyo maana nashauri mtego utangulie shambani kabla ya miche kuhamishwa, na majirani wakubaliane kung'oa na kuteketeza masalia mara baada ya mavuno. Kizibo hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hadi 6; kilichokwisha usikitupe shambani, na ambavyo havijafunguliwa vikae kwenye friji, mbali na watoto wanaodhani ni peremende.