Uvimbe utatokea puani?

SWALI: Mama yetu alianza kwa kupoteza uwezo wa kunusa, hata samaki wakiungua jikoni hajui. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa. Amepigwa picha, tumeambiwa ana uvimbe wa ubongo, aina ya meninjioma (ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo), na kwamba watautoa kwa njia ya pua. Kwa sasa anatumia "dawa ya kupunguza uvimbe" na amepata nafuu kubwa. Mjomba anasema kama dawa inapunguza uvimbe, utakwisha wenyewe, upasuaji wa nini? Ninaandaa ujumbe wa kuwaeleza ndugu. Niliandika "uvimbe utatokea puani", dada akacheka sana. Nisahihishe nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Dada yako amecheka kwa haki. Jambo "likikutokea puani" umekiona cha moto: "Cheza na mali ya wakwe, itakutokea puani." Zaidi ya hapo, kutokea pia ni kuonekana au kuzuka. Atakayesoma "uvimbe utatokea puani" anaweza kuelewa kwamba kuna uvimbe mpya unaotarajiwa kuota puani, na simu zitaanza kupigwa usiku huohuo.

Andika "utatolewa kupitia puani". Wapo watakaokwambia ni "kupitia pua" tu. Nao hawajakosea, lakini kupitia kumezaliwa na pita, kitenzi cha mwendo, na vitenzi vya namna hiyo vinapenda mahali: mwizi kaingilia dirishani, nimepitia sokoni, wamepita uani. Kosa ni "kwenye puani" au "katika puani", ambapo mahali pametajwa mara mbili.

Ila usije ukafupisha ukaandika "uvimbe wa pua". Ndugu watadhani ni zile nyama za puani zinazomfanya mtu akorome, kumbe kwa mama pua ni njia tu. Njia yenyewe si mpya: daktari wa upasuaji Hermann Schloffer aliipita mwaka 1907 mjini Innsbruck, Austria, kuufikia uvimbe wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na mwenzake Harvey Cushing kule Marekani akaitumia kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye kufungua fuvu. Leo kamera nyembamba inaingizwa puani, na baadhi ya meninjioma za sehemu hiyo hufikiwa hivyo. Kunusa nako kuna maelezo yake. Nyuzi za neva ya kunusa hupanda kutoka puani hadi ubongoni kupitia mfupa wenye matundu madogo madogo kama chekeche, na uvimbe ukikaa juu ya mfupa huo huzikandamiza.

Sasa tuje kwa mjomba, maana hapa ndipo lugha yetu inapotuponza. Uvimbe limetokana na vimba, kwa kiishio -e kinachotaja matokeo ya tendo, kama umba inavyotupa kiumbe na tuma ikatupa mtume. Neno hilohilo tunalitumia kwa shavu la mwenye jino bovu na kwa kitu kilichoota kichwani. Kwa shavu hakuna hasara. Kwa ubongo hasara ipo, kwa sababu mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Kuna uvimbe wenyewe, yaani chembe zilizoota mahali pasipo pake. Halafu kuna ubongo unaouzunguka, ambao umevimba kwa sababu mishipa midogo ya damu ya hapo inavujisha maji. Mara nyingi dawa inayotolewa wakati wa kusubiri upasuaji ni deksamethasoni, na kazi yake ni kupunguza huo uvujaji. Maji yakipungua, kichwa kinaacha kugonga, mgonjwa anakula na kuongea vizuri, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili. Meninjioma iko palepale.

Kwa hiyo mjomba hakukosea mantiki, amepewa sentensi yenye pande mbili akashika upande mmoja. Mngemuuliza daktari jina la dawa, fumbo lingefumbuka. Na wala usiseme kwamba hakuna dawa inayopunguza uvimbe wa kichwani: prolaktinoma, uvimbe wa tezi ya pituitari unaomwaga homoni ya maziwa, mara nyingi husinyaa kwa vidonge vya kabegolini, na wengi wenye nao hawafiki kwenye kisu. Huko "dawa ya kupunguza uvimbe" ni kweli tupu. Kwa mama yenu sivyo.

Ushauri wangu ni kutenga vitenzi. Uvimbe huota, hukua, husinyaa, hutolewa. Ubongo huvimba, na kuvimba hupungua. Ukisema "dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo" sentensi inakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna wa kuichezea. Wafasiri wengine hupenda kukimbilia neno la kigeni kwa kila kimoja, mimi naona kitenzi tulichonacho kinatosha.

Kuhusu "saratani", usiliweke kwenye ujumbe mpaka majibu ya maabara yatoke. Meninjioma nyingi ni za daraja la 1, zinakua polepole. Na ni daraja, si hatua: daraja hueleza ukali wa uvimbe, hatua hueleza saratani imesambaa kiasi gani, na vimbe zinazoanzia kwenye ubongo ni nadra kutoka nje ya mfumo mkuu wa neva, yaani ubongo na uti wa mgongo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linaandika madaraja hayo kwa tarakimu za kawaida, kwa hiyo "daraja la 1", si "daraja la I".

Ujumbe wako ungeweza kusomeka hivi: "Mama ana uvimbe ulioota chini ya ubongo kwa mbele, juu ya pua. Dawa anayotumia inapunguza kuvimba kwa ubongo, ndiyo maana ana nafuu, lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe utatolewa kwa upasuaji kupitia puani. Mjomba, tunaomba uje siku ya kuonana na daktari, umuulize mwenyewe."