Andrew Jackson: shujaa wa nani?

Wiki mbili zilizopita niliandika kwa kifupi juu ya sura iliyo kwenye noti ya dola 20 ya Marekani. Ni sura ya Andrew Jackson, rais wa 7 wa nchi hiyo (1829 hadi 1837). Barua zimekuja nyingi, na nyingine zina hasira. Nazijibu chache.

Shikamoo mwalimu. Ulisema Jackson anapendwa na kuchukiwa kwa jambo lilelile. Sikukuelewa. (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba mwanangu. Jackson alizaliwa mwaka 1767, baba yake akiwa ameshafariki. Alipofika miaka 14, vita vya uhuru vilikuwa vimekwisha kumchukulia mama na kaka zake wawili. Hakuwa mtoto wa mabwana wakubwa wa Virginia kama Washington na Jefferson. Alipochaguliwa mwaka 1828, wakulima wadogo, mafundi na watu wa mipakani walijiona wameingia Ikulu pamoja naye. Na kitu walichokililia kuliko vyote kilikuwa ardhi.

Akawapa. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe: Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw, Wachickasaw na Waseminole, waliokaa kusini mashariki mwa nchi tangu enzi za mababu zao. Tarehe 28 Mei 1830 Jackson alitia saini sheria ya kuwahamishia magharibi ya mto Mississippi. Mkono uliogawa ndio uliopokonya. Anayemsifu kwa kumjali mtu wa chini na anayemlaani kwa kufukuza mataifa mazima wanazungumzia tendo moja, na mimi siwezi kulipasua vipande viwili ili nichukue kilicho kizuri.

Huyo mtu wa chini naye alipaswa kuwa mwanamume wa Kizungu. Kwenye shamba la Jackson lililoitwa Hermitage, karibu na Nashville, palikuwa na watumwa wapatao 150 alipofariki mwaka 1845. Mwaka 1804 alitangaza gazetini zawadi ya dola 50 kwa atakayemkamata mtumwa wake aliyetoroka, na dola 10 za nyongeza kwa kila viboko 100 atakavyompiga, hadi viboko 300. Kila ninapolisoma tangazo hilo namfikiria yule mtu porini, usiku, akijua kwamba mgongo wake umewekewa bei.

Je, si kumwonea tunapompima kwa mizani ya leo? Zama zake ndivyo zilivyokuwa. (Msomaji wa Nairobi)

Ndugu yangu, swali hili naliheshimu, ila watu wa zama zake ndio waliokuwa wa kwanza kumpima. Ile sheria ya 1830 ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Wabunge watatu tu wangegeuka, ingeanguka. Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey aliipinga kwa hotuba ya takriban saa sita, iliyochukua siku tatu. David Crockett, mbunge kutoka Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, na aliyewahi kupigana chini yake Jackson alipokuwa jenerali, alipiga kura ya hapana. Uchaguzi uliofuata akapoteza kiti chake.

Tena kuna watu ambao hoja ya "zama zake" huwasahau kabisa, nao ni Wacherokee wenyewe. Je, wao hawakuwa wa zama zile? Walikuwa na hati yao ya kuandikia lugha yao, iliyobuniwa na mtu wao aitwaye Sequoyah. Mwaka 1827 waliandika katiba, na mwaka 1828 wakaanza kuchapa gazeti, Cherokee Phoenix, kwa Kicherokee na Kiingereza. Humo walieleza kinagaubaga kwa nini hawataki kuhama. Mwaka 1814, kwenye mapigano ya Horseshoe Bend, wapiganaji wa Kicherokee walivuka mto kwa kuogelea na kumshambulia adui wa Jackson kwa nyuma. Walimsaidia kupata ushindi uliomjengea jina. Miaka 16 baadaye akawatilia saini ya kuwang'oa. Wema wao haukumzuia, na hapo mimi nashindwa kumtafutia udhuru.

Ni kweli aliiambia Mahakama ya Juu: "Marshall ametoa hukumu, sasa aitekeleze mwenyewe"? (Mwanafunzi, Kampala)

Usiyaweke kwenye mtihani kama maneno yake. Yalichapwa kitabuni mwaka 1864, Jackson akiwa kaburini miaka 19. Hukumu yenyewe ni ya kweli: mwaka 1832 Jaji Mkuu John Marshall alisema sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee. Alichoandika Jackson katika barua yake ni kwamba hukumu hiyo imezaliwa ikiwa imekufa. Georgia iliendelea kama kwamba haikusikia, na rais hakuinua kidole.

Lakini Njia ya Machozi, ile safari ya kuwahamisha Wacherokee kwa nguvu, ilikuwa mwaka 1838, Jackson ameshaondoka madarakani. Mbona analaumiwa yeye? (Msomaji wa Mwanza)

Uko sahihi kwa tarehe. Waliowatoa Wacherokee majumbani kwa mitutu ya bunduki walikuwa askari wa Jenerali Winfield Scott, wakati wa Rais Martin Van Buren. Ila Wachoctaw walianza kuondoka mwaka 1831, Jackson akiwa kitini. Na mkataba uliotumika dhidi ya Wacherokee ulitiwa saini Desemba 1835 na kikundi kidogo kisichokuwa na idhini ya taifa lao. Kiongozi wa Wacherokee, John Ross, alipeleka malalamiko ya kuupinga yenye majina zaidi ya 15,000. Mkataba ulihitaji theluthi mbili za kura za Seneti, na ukapita kwa tofauti ya kura moja tu. Walihamishwa watu kama 16,000, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba 4,000 walikufa, kambini na njiani, wengi kwa magonjwa na baridi.

Niongeze jambo ambalo aghalabu huachwa: kwenye misafara hiyo walikuwamo pia watu weusi waliokuwa watumwa wa Wacherokee matajiri. Nao walitembea.

Kwani hakuna jema alilofanya? (Msomaji wa Dodoma)

Yapo. Mwaka 1835 deni la taifa lililipwa lote, na halijawahi kumalizika tena tangu hapo. South Carolina ilipotangaza mwaka 1832 kwamba sheria za ushuru za taifa hazitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake, alisimama imara na muungano ukabaki. Vita vyake vya kuivunja Benki ya Marekani, iliyotunza fedha za serikali, bado vinabishaniwa, maana uchumi uliporomoka mwaka 1837, miezi michache baada ya yeye kuondoka.

Bibi yangu aliita shuka nyeupe "merikani". Je, ina uhusiano na mambo haya? (Msomaji wa Unguja)

Unao, dada yangu, na ndio ulionifanya nianze kumsoma Jackson. Ni serikali yake iliyomtuma mfanyabiashara Edmund Roberts, ambaye tarehe 21 Septemba 1833 aliweka saini mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Maskati. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja. Meli za Salem zilipakia pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na zikashusha majora ya kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts. Kitambaa kikachukua jina la kwao, kikasafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji, kikawa kama fedha.

Na pamba yake? Ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na sehemu kubwa ya mashamba mapya ya miaka ile ilikuwa Alabama na Mississippi, ardhi ya Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Jora moja halituambii lilitoka shamba gani. Lakini njia ya pamba ilipita huko, na mwisho wake ulikuwa Forodhani. Ndiyo maana siwezi kuiita habari hii ya watu wa mbali.

Hao waliofukuzwa, bado wapo? (Msomaji wa Bujumbura)

Wapo. Taifa la Cherokee lina makao yake Tahlequah, jimbo la Oklahoma, na raia wake wamepita 400,000. Julai 2020 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba eneo walilotengewa Wacreek mashariki mwa Oklahoma halikufutwa kamwe na Bunge la Marekani, kwa hiyo ahadi ya zamani kwamba eneo hilo ni lao bado ina nguvu ya sheria. Na Tahlequah ukitembea mitaani, vibao vya majina ya barabara vimeandikwa pia kwa herufi za Sequoyah.