Silipii saini, ila mzee wa magunia nilimlipa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki mtu kutoa fedha ili mtu mashuhuri amwandikie jina lake, mkatoa mfano wa fulana za wachezaji. Nilitaka kujibu kwa neno moja, hapana, niendelee na shughuli zangu. Limenikataa kutoka hivyo hivyo. Mpira siujui. Ninachokijua kidogo ni picha za ndege za vita na wazee wanaozisaini, kwa sababu ni muuguzi hapa Lincoln, mashariki mwa Uingereza, na huku habari za ndege za vita huzikwepi labda uzibe masikio. Viwanja vya Lancaster, ndege kubwa za mabomu za vita vya pili vya dunia, vilitapakaa mkoa mzima. Kila ndege ilibeba watu saba, na kikosi chao cha mabomu kilipoteza zaidi ya watu 55,000. Kilimani pana mnara wa chuma wa kuwakumbuka, urefu wake mita 31, sawa na mabawa ya Lancaster kutoka ncha hadi ncha, na majina yao yote yamezungushwa pale chini. Majina yote. Nitarudi hapo.

Biashara ya picha iko hivi. Mchoraji anachora ndege kwa rangi ya mafuta, picha inachapwa nakala mia kadhaa, kila moja inapewa namba, kisha wanaitwa wazee waliopigana kwenye ndege za aina hiyo waandike majina yao chini, kwa penseli. Wino hupauka, penseli haipauki. Saini zikiongezeka, bei inapanda. Ukitaka mchoraji akuchoree kindege kidogo cha mkono pale pembeni, unaongeza tena. Na mzee akifariki, bei inaruka. Hili la mwisho ndilo lililonipa ile hapana. Wapo watu wanaosoma tanzia kama wengine wanavyosoma bei za hisa. Machi 2025 alipofariki John Hemingway, rubani wa mwisho aliyebaki wa vile vita vya anga vya mwaka 1940 vya kuikinga Uingereza na Wajerumani, akiwa na miaka 105, naamini zipo nyumba ambamo mtu aliinuka kitini kwenda kuhakikisha ukutani kama jina lake analo.

Sasa, mwaka 2014 au 2015 hivi, mwenzangu wa zamu aliniomba nimsindikize baba yake kwenye hafla ya kusaini katika ukumbi wa sanaa mmoja. Mzee alikuwa wa kiti cha magurudumu na mkusanyaji wa picha hizi tangu ujana. Tukakuta meza ndefu, wazee wanne wamevaa tai na nishani, mchoraji mwishoni, chai na biskuti pembeni. Foleni ilikuwa kwa rubani wa Spitfire, ndege ndogo maarufu ya mapigano, na kwa mpiga bunduki wa mkiani. Watu wazima wenye mvi walikuwa wanatetemeka mikono mbele ya wale wazee, wanauliza mambo ya injini na mafuta. Baba wa mwenzangu alijiunga nao, akaniacha nimesimama na kikombe.

Mzee wa nne hakuwa na mtu mbele yake. Kwa adabu tu nikamsogelea, maana kumwona mzee amekaa peke yake nawe unapita na chai, kwetu haipendezi. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema Tanganyika, kisha akaniuliza, "Wale wa kifaru?"

Wasomaji vijana pengine hawajui. Kichwa cha kifaru ndiyo iliyokuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopelekwa Bama, Myanmar ya leo, kupigana na Wajapani katika vita vya pili. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, ndani ya divisheni hiyo. Alitoka Iringa, akapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa mazoezi, kisha mwaka 1944 akajikuta Bonde la Kabaw wakati mvua za huko zinapiga kweli kweli. Barabara iligeuka tope, malori yakazama, na tangu hapo karibu kila walichokula kilidondoshwa na ndege za mizigo aina ya Dakota. Babu hakupenda kusimulia mapigano. Alisimulia mchele. Vitu vya kuvunjika vilishuka kwa parachuti, lakini mchele ulitupwa hivi hivi bila parachuti, gunia linakuja lenyewe kutoka juu ya miti, na gunia lile likimpata mtu, basi. Alisema Mjapani unamsikia akija, gunia la mchele hulisikii. Ndege ya rafiki kwanza ukimbie, ndipo uishukuru.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa akisukuma magunia.

Nikamwambia maneno ya babu kama yalivyo. Nilidhani atacheka, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunacheka. Hakucheka. Akaweka penseli chini akasema walijua. Kisha akaanza kunieleza, na alieleza kwa kirefu, nami nitaeleza kwa kirefu vile vile, mtanisamehe. Mlango wa ndege uling'olewa kabisa. Magunia yalipangwa mlangoni, rubani akitoa ishara yeye alilala chali sakafuni, mgongo umeegemea shehena, akayasukuma nje kwa miguu. Machache tu kila mzunguko, kwa sababu uwanja wa kudondoshea ulikuwa mdogo na Dakota haisimami. Kwa hiyo ilibidi wazunguke, tena na tena, ndani ya bonde lenye milima pande zote mbili na mawingu yameziba juu. Mchele uliwekwa kwenye gunia, gunia hilo likatiwa ndani ya gunia jingine kubwa lililolegea, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Parachuti nazo zilikuwa haba hata wakashona za juti, kitambaa kile cha magunia. Watu wa chini hakuwaona. Aliona moshi, na alama ya kitambaa iliyotandikwa kwenye nyasi.

Halafu akaniuliza kama mchele ulikuwa unafika mkavu.

Nikamwambia ulifika. Babu alisema ulinuka gunia na ukungu mpaka akaja kuuchukia mchele maisha yake yote, lakini hilo sikuona sababu ya kulisema pale.

Hapo msichana wa ukumbi akaja kunikumbusha, kwa upole, kwamba wazee wanasaini picha zilizonunuliwa pale tu. Sikuwa nimeomba saini. Ila mzee alikwisha kuishika penseli tena, na sikutaka aiweke chini mara ya pili kwa ajili yangu. Nikanunua iliyo rahisi kuliko zote, na bado haikuwa rahisi kwa mshahara wa muuguzi. Ilikuwa ya Spitfire. Picha ya Dakota hapakuwa na hata moja. Kwa hiyo nyumbani kwangu ipo Spitfire safi, jua linamulika bawa, chini yake imesainiwa na mtu ambaye hakuwahi kuipanda.

Nilimuuliza mchoraji kwa nini hakuna Dakota. Hakuona haya: Dakota haiuziki. Watu wanataka ndege inayopiga, si inayogawa chakula. Simlaumu sana. David Shepherd, mchoraji wa Kiingereza ambaye wengi wetu tunamjua kwa tembo wake, alianzia kwenye ndege. Ni Jeshi la Anga la Uingereza lililomleta Kenya mwaka 1960, na maofisa wa Nairobi ndio waliomwambia ndege wanaziona kila siku, awachoree wanyama. Mchoraji huchora anachoagizwa. Askari wetu hakuna aliyemwagiza.

Nanyi wa Dar mnapita kila siku pale Posta kwenye Sanamu ya Askari. Imesimama tangu 1927, nzuri, bunduki imeelekezwa bandarini, na haina jina la mtu. Ni ya vita vya kwanza, najua, lakini wa vita vya pili hawakupata hata hiyo shaba. Wakati wa kuachishwa jeshi, malipo yalipangwa kwa rangi. Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha Mwafrika alipewa kama theluthi ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Nyota ya Bama, nishani ya babu ya vita vile, ilipotelea kwenye michezo ya wajukuu. Hakuna aliyewahi kumwekea meza yenye kitambaa, penseli na foleni.

Ndiyo maana ile hapana yangu imelegea nikiandika. Nilikuja kusema saini inauza mtu. Sasa naona kwamba kuna watu waliokosa hata nafasi ya kuuzwa hivyo, na yule mzee wa magunia, ambaye foleni ilimpita, siku ile alikuwa amekaribia kuwa mmoja wao.

Basi lipeni, kama mwenyewe yupo, yuko hai na ana nguvu za kuongea. Ulizeni fedha inakwenda wapi. Wengine wanaipeleka kwenye mifuko ya wajane, wengine wanaitia mfukoni, na sioni ubaya wa mzee kuitia mfukoni. Msinunue baada ya mazishi. Msinunue kwa mtu wa kati ambaye hata jina la kikosi hawezi kulitamka. Na akitokea mtu anayemjua mzee wa keya aliyebaki mahali popote, awe Iringa au Machakos, hata kama anasaini kwa dole gumba, mimi nitalipa na nauli nitajilipia. Ila bei aipange mwenyewe, asipangiwe na wajukuu.