Kabla Hujaipeleka Piano kwa Fundi

Huu ni mwaka wa tisa nikiwa na piano ya kidijitali sebuleni kwangu hapa Tanga, na fedha nyingi kuliko zote nilizowahi kuitumilia zilikwenda kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu. Piano ilikuwa ikizimika yenyewe. Nilikuwa nikiwafundisha vijana wa kwaya sauti ya tatu, tunapumzika kunywa chai, na tukirudi tunaikuta imezimika. Nikaifunga kwa kanga mbili, nikaipakia kwenye Kirikuu, nikaipeleka kwa fundi. Alikaa nayo wiki mbili, akanidai shilingi 50,000 kwa kubadilisha kile alichokiita kifaa cha ndani, nayo ikarudi ikizimika vilevile. Ndipo nilipofungua kitabu cha maelekezo, ambacho kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, nikasoma kwamba piano hii hujizima isipoguswa kwa dakika 30, na kwamba utaratibu huo unaondolewa kwa kushikilia kibao cha mwisho cha kushoto wakati wa kuiwasha.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuchunguza mipangilio kwanza, kisha umeme na nyaya, na uchafu mwisho, kwa sababu hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayohitaji bisibisi.

Upande wa mipangilio, kosa linalowasumbua zaidi wanakwaya ni kuhamishwa kwa ufunguo, yaani vibao vyote kupandishwa au kushushwa sauti kwa pamoja. Mtoto anabonyeza kitufe akichezea, piano inapanda nusu sauti mbili, na jioni mwalimu anapotoa do ya wimbo, waimbaji wa sauti ya kwanza wanapiga kelele hadi mishipa ya shingo inawatoka. Piano hii haina nyuzi, hivyo haipotezi sauti yake sahihi wala haihitaji mtu wa kuirekebisha sauti; ukiona vibao vyote vimepanda au kushuka kwa pamoja, tafuta mpangilio uliobadilika, ama wa ufunguo ama wa noti ya la ya kati, ambayo kwa kawaida huwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ukishindwa kuupata, irudishe piano kwenye mipangilio ya kiwandani.

Piano ikiwaka bila kutoa sauti, angalia tundu la hedifoni. Mara nyingi mtu huchomoa hedifoni zake na kukiacha ndani kile kichwa kidogo cha kuunganishia pini nyembamba kwenye tundu nene, na kwa piano kichwa hicho ni sawa na hedifoni zenyewe, hivyo spika zinabaki kimya. Ikiwa uliwahi kuiunganisha na kompyuta, angalia pia kipengele ambacho kwenye menyu huandikwa Local Control, kwa kuwa kikizimwa, vibao hupeleka taarifa kwenye kompyuta tu. Na pedali ikifanya kazi kinyumenyume, yaani sauti inavuma ukiiachia na kukatika ukiikanyaga, huenda uliiwasha piano huku mguu ukiwa juu yake. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Kuhusu umeme nitakuwa mkali kidogo. Adapta si chaja ya simu ya kuazimana. Soma kibandiko cha chini ya piano: volti lazima zilingane kabisa, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue, na ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa unakuonyesha kama chanya iko katikati ya pini au pembeni. Adapta mbili za volti 12 zinaweza kufanana kama mapacha, na moja ikaiunguza piano ya mwenzake. Umeme ukikatika, chomoa kabisa, kwa kuwa madhara huja pale unaporudi kwa kishindo. Ukisikia mvumo kwenye spika wakati piano imeunganishwa na kompyuta, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukikoma, tatizo liko kwenye ardhi ya umeme, wala si kwenye piano.

Sasa uchafu. Miaka mitatu iliyopita, noti ya la iliyo chini ya do ya kati ilianza kupiga kelele hata nikiigusa kwa upole, na mara nyingine ikanyamaza kabisa. Chini ya kila kibao kuna kipira chenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni, na piano hupima muda unaopita kati ya kidoti cha kwanza kugusa na cha pili: muda ukiwa mfupi, inaelewa kwamba umepiga kwa nguvu. Vumbi na unyevu wa pwani vikiingia hapo, kipimo hicho huvurugika. Nilichomoa umeme, nikapiga picha kila hatua, nikaweka skrubu kwenye vikombe tofauti kwa kuwa hazilingani urefu. Chini ya kile kipira nilikuta bawa la mende. Nilifuta vidoti na bodi kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili, nikasubiri vikauke, nikarudisha utepe wa vipira bila kuuvuta, maana ukivutika vidoti havikai mahali pake. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba, hata jirani akikuapia.

Yako mambo ambayo siyagusi. Harufu ya kuungua ni ya fundi. Vilevile vibao vilivyokufa kwa mpangilio, kwa mfano kila cha nane, kwa kuwa uchafu hauchagui hivyo. Hapo huenda ni waya bapa au bodi. Andika kwenye karatasi ni vibao gani, ilianza lini, na ulijaribu nini. Peleka piano pamoja na adapta na pedali yake, maana fundi aliyeletewa piano bila adapta ataijaribu kwa ile aliyonayo.