Skauti wa mwanzo katika Civilization VI: maswali yenu

Safari hii maswali mengi yanahusu zamu za mwanzo za Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa zamu kwa zamu. Hesabu zote hapa ni za mwendo wa kawaida wa mchezo.

Swali: Nikishajenga mji mkuu, nianze na skauti au askari wa rungu?

Anza na skauti, yaani mpelelezi wa ardhi. Anagharimu uzalishaji 30, askari 40, na mlowezi, anayejenga miji mipya, 80. Mji unaotoa uzalishaji 5 kwa zamu utammaliza kwa zamu 6. Askari mmoja unaye tangu mchezo unapoanza, na huyo azunguke karibu na nyumbani.

Uharaka unatokana na vitu vinavyogombewa. Kijiji cha kabila humzawadia anayekifikia kwanza, kisha kinatoweka. Mji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala, nao humpa mjumbe wa bure anayeufikia kabla ya wengine, na ukiwa mji-dola wa sayansi, mjumbe huyo mmoja huongeza sayansi 2 kila zamu katika mji mkuu wako, wakati mji wenyewe bado unatoa kidogo sana. Ukikutana na taifa jingine, utafiti wa Uandishi unaruka mbele. Ukiona ajabu la asili, kwa mfano Kilimanjaro, ambao umo ndani ya mchezo, Unajimu nao unasogea.

Hata hivyo, mimi humtengeneza skauti hasa kwa ajili ya mji wa pili. Mlowezi anayetoka bila kujua mto uko wapi hupoteza zamu akihangaika, au huishia mahali pabaya, na mji uliokwisha kujengwa hauhamishiki. Skauti akitangulia, mlowezi anatoka akijua aendako.

Swali: Na skauti wa pili?

Inategemea ardhi. Kwenye ramani ya Pangaea, yenye bara moja kubwa, ndiyo, na atoke kabla ya mlowezi: mmoja aende mashariki, mwingine magharibi. Skauti wa kwanza akikuta bahari kila upande baada ya zamu chache, achana na wa pili. Hawezi kuvuka maji mpaka uwe na teknolojia ya Ujenzi wa Meli. Kwenye visiwa ni bora kuwahi Usafiri wa Majini na kutuma meli ya makasia.

Swali: Skauti wangu ameuawa zamu ya 40. Nitengeneze mwingine?

Hapana. Vijiji vilivyokuwa karibu vimeshachukuliwa, na uzalishaji huo sasa unahitajika kwa walowezi na wajenzi.

Swali: Skauti wa barbariani (maadui wasio na taifa) ametokea na alama ya mshangao kichwani. Ina maana gani?

Ameuona mji wako. Akifika salama kambini kwake, kambi itaanza kukutumia wavamizi, kwa hiyo muue kabla hajarudi. Skauti wako ana nguvu 10 tu, hatamaliza kazi hiyo peke yake; mtumie kumziba njia huku askari na mrusha kombeo wakimkaribia.

Kambi hizo huchipuka tu pale ambapo hakuna mchezaji anayepaona. Skauti aliyemaliza safari usimfute. Mpandishe kilima kilicho kati ya miji yako, akae hapo awe macho yako, kambi zisichipuke karibu.

Swali: Nimwache atembee kwa amri ya kujiendesha?

Si katika zamu za mwanzo. Amri hiyo haijui unatafuta pa kujenga mji, na inaweza kumpeleka hadi ubavuni mwa kambi. Muongoze mwenyewe, ummalizie hatua yake juu ya kilima kila inapowezekana, maana huko anaona mbali zaidi. Akipata cheo cha kwanza, chagua kile cha misitu au cha vilima kulingana na nchi iliyo mbele yake.

Swali: Nacheza na Wacree, taifa linaloongozwa na Poundmaker. Ushauri unabadilika?

Unabadilika sana. Skauti wao, Okihtcitaw, anagharimu 40, lakini ana nguvu 20, sawa na askari wa rungu, na huzaliwa na cheo kimoja cha bure. Tengeneza wawili moja kwa moja, kisha mlowezi.