Kwa nini maziwa hukatika kwenye chai ya tangawizi, na namna ninavyoipika

Ndugu yangu, umeeleza kwamba maziwa hukatika karibu kila unapotia tangawizi mbichi kwenye chai yako, na kwamba ukiiacha tangawizi unabaki na chai isiyo na makali yoyote, kisha ukauliza kama kosa ni la muuza maziwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa tatizo hilo lilinisumbua karibu mwaka mzima nilipohamia mtaa wa Umoja hapa Nairobi, nami nilimlaumu muuza maziwa kama wewe.

Nilibadilisha duka mara tatu. Nikaacha maziwa ya kupimiwa, nikaanza kununua ya pakiti, na bado siku wakwe zangu waliponitembelea sufuria nzima ilikatika mbele ya macho yangu: vipande vyeupe vilikusanyika pembeni, na katikati pakabaki maji ya rangi ya kahawia. Iliniuma sana, kwa sababu mgeni hapa kwetu hupokelewa kwa chai kabla ya neno lingine lolote. Aliyeniokoa ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mzaliwa wa Mombasa, ambaye alichungulia ile sufuria na kuniambia, “Mwanangu, tangawizi huchemka na maji. Maziwa huikuta imeshaiva.”

Baadaye nilielewa sababu yake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi katika joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi. Ukitia maziwa baridi na tangawizi pamoja, kisha ukawasha jiko, maziwa hayana budi kupitia joto hilo polepole yakielekea kuchemka, na hapo ndipo hukatika. Tangawizi ikichemshwa kwanza kwenye maji matupu, kimeng'enya hicho huharibika, ilhali ukali na harufu vinabaki. Maziwa yaliyoanza kuchacha nayo hukatika hata bila tangawizi, kwa hiyo ukiyashuku, chemsha kidogo peke yake kwanza. Yakitulia, muuzaji wako hana hatia.

Kwa watu wanne mimi hutumia vikombe viwili vya maji na vikombe viwili vya maziwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, punje nne za iliki, karafuu mbili na kijiti cha mdalasini kisichozidi urefu wa kidole. Anayependa pilipili manga aponde punje tatu au nne. Karafuu usizidishe hata kama unaipenda, kwa sababu mafuta yake ndiyo yaleyale yanayotia ganzi jino linapouma, na zikifika tano au sita chai nzima hunuka dawa na ulimi hausikii kitu kingine.

Tangawizi siikwangui kwa grata. Naiponda kwenye kinu kidogo pamoja na ganda lake, baada ya kuiosha vizuri, hadi nyuzi zake zifumuke na maji yatoke. Iliki nayo naipasua kwa mchi pigo moja tu. Ndani ya ganda la kijani utaona mbegu nyeusi zilizoshikana, zenye kunata kidogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba iliki bado ina uhai. Mbegu zikiwa zimekauka na kupauka, harufu imekwisha kwenda zake. Kwa sababu hiyo sinunui tena masala ya chai yaliyosagwa zamani. Si kwamba ni mabaya, bali viungo vikishasagwa harufu hupotea haraka, na kopo likikaa wazi kabatini miezi kadhaa unabaki na vumbi la kuwasha koo.

Viungo vyote huingia kwenye maji yakiwa baridi, na huchemka kwa dakika saba hivi sufuria ikiwa imefunikwa. Yule mama alinifundisha dakika tano, lakini alikuwa na mazoea ya Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo naviongezea muda vitoe ladha. Utajua vimeiva maji yakigeuka rangi ya nyasi kavu na mvuke ukakuchoma puani.

Hapo ndipo natia maziwa, na yakianza kupata moto natia majani, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Wengi wetu hukosea hapa kwa kutia majani mapema sana. Majani yetu mengi ya Kenya, yawe ya Kericho au ya Limuru, ambako chai ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1903, husagwa kiwandani yakawa chembechembe ndogo zinazotoa rangi na ukali upesi. Hayahitaji kuchemka robo saa. Ukiyachemsha hivyo utapata uchungu unaokausha kinywa, na utaongeza sukari bure ukijaribu kuuficha. Mimi huacha povu lipande hadi karibu na ukingo, nikapunguza moto likashuka, likapanda tena, na mara ya tatu nazima. Usiondoke jikoni wakati huo hata kwa nusu dakika.

Sukari natia moto ukishazimwa, au naiacha mezani ikiwa wamo wasioitumia.

Umeuliza pia kuhusu tangawizi ya unga. Hiyo haikatishi maziwa kwa urahisi kama mbichi, na asubuhi ya haraka inafaa, robo kijiko kwa kiasi nilichotaja, lakini utamu wa ile mbichi hutaupata. Kama chai itakaa kwenye chupa hadi saa nne, ichuje kabla ya kuimimina, viungo pamoja na majani vibaki kwenye kichujio, kwani vikiingia ndani vitaendelea kutoa ukali. Nayo chupa isuuze kwa maji ya moto kwanza, hasa kifuniko, maana mabaki ya maziwa ya jana yaliyojificha kwenye mpira wake huichachisha chai ya leo.